Nani Anayetunza Saa Zako?

Ganda la korosho lina mafuta meusi, makali, yanayochubua ngozi. Wanawake wanaobangua korosho kwa mkono kule Mtwara na Lindi hupaka vidole majivu au mafuta ya kula kabla ya kushika korosho ya kwanza, na bado msimu ukiisha ncha za vidole huwa zimeungua, zimekakamaa, mistari yake imefifia. Saruji humfanyia hivyo hivyo kibarua wa ujenzi asiyepewa glovu. Dawa za kusafishia humfanyia hivyo anayepiga deki wodini. Siku watu wa kazi za namna hii wanapowekewa mashine ya alama za vidole mlangoni, wao ndio wa kwanza kukataliwa.

"Weka tena, mama," anasema kijana wa getini.

"Nimeweka, mwanangu. Hiki hapa."

Anakifuta kwenye khanga, anakiweka tena. Taa nyekundu. Anajaribu cha mkono wa kushoto. Foleni nyuma yake inaanza kusukumana, na dakika zinazopotea pale zinaandikwa kwa jina lake kuwa amechelewa. Kazi iliyomla vidole ndiyo sasa inayomnyima ushahidi kwamba yupo kazini.

Tatizo la vidole lina dawa. Zipo mashine zinazosoma uso, zipo za kadi, zipo za namba ya siri, na mwajiri mwenye nia huweka njia ya pili kwa wale ambao ya kwanza inawakataa. Nimelitanguliza kwa sababu linafichua kasoro ambayo haitibiwi kwa kununua mashine mpya. Mifumo hii imebuniwa kwa kumdhania mfanyakazi kuwa mtu anayeweza kudanganya. Ni nadra sana kuona iliyobuniwa kwa kukumbuka kwamba mfanyakazi huyo huyo anaweza kudhulumiwa.

Sipingi saa kuhesabiwa, na nisingependa mtu anisome hivyo. Wanaolikumbuka daftari la mahudhurio wanajua lilivyokuwa. Kazi serikalini Tanzania huanza saa 1:30 asubuhi na kwisha saa 9:30 alasiri. Daftari liliwekwa mapokezi, na saa ikitimia afisa alichukua kalamu akapiga mstari mwekundu. Atakayesaini chini ya mstari amechelewa. Utaratibu ulikuwa mzuri, lakini uliishi kwa hisani ya mwenye kalamu. Rafiki yake alisainiwa. Asiye rafiki alikuta mstari umepigwa kabla ya wakati. Wengine walisaini asubuhi, wakatundika koti kwenye kiti, wakaondoka. Novemba 2015, siku moja baada ya kuapishwa, Rais John Magufuli alitembea kwa miguu kutoka Ikulu hadi Wizara ya Fedha akakuta viti vitupu. Mwaka uliofuata Serikali ilitangaza kwamba imewaondoa katika orodha ya mishahara watumishi hewa zaidi ya 10,000, watu waliolipwa ilhali hawapo. Mzazi aliyefika zahanati na mtoto anayewaka homa, akakaa kwenye benchi mpaka saa nne akimsubiri muuguzi, ndiye aliyelipa gharama ya daftari lile. Kwa ajili ya mzazi huyo, mahudhurio lazima yahesabiwe, na yahesabiwe kwa kitu kisichokuwa na rafiki.

Lakini je, mashine haina rafiki? Hapa nataka tukae kidogo, maana watu wengi huiona ile ya ukutani tu. Nyuma yake ipo programu, na ndani ya programu upo ukurasa wa kanuni ambao mfanyakazi haoneshwi. Hapo mtu wa ofisini huchagua: anayefika saa 1:10 ahesabiwe tangu 1:10 au tangu 1:30? Anayefika saa 1:31 akatwe dakika moja, robo saa, au nusu siku? Anayetoka saa 11:00 jioni ahesabiwe mpaka 11:00, au mfumo ukate hesabu saa 9:30, na dakika zote za baada ya hapo zisionekane kwenye ripoti? Chaguo hizi hufanywa mara moja, siku ya kufunga mfumo, mara nyingi na fundi aliyetumwa na muuzaji akishauriana na mhasibu. Baada ya hapo zinageuka kuwa ukweli. Mfanyakazi akilalamika anaambiwa mfumo ndio unavyosema, kana kwamba mfumo ulijiamulia.

Kumbe sheria ilishaamua mengi ya hayo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 9 kwa siku, ukiwaacha wale wanaosimamia wenzao kwa niaba ya mwajiri. Saa za ziada zinahitaji makubaliano, hazizidi 50 katika mzunguko wa wiki nne, na kila moja inalipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Aliyefanya kazi saa tano mfululizo anastahili mapumziko ya dakika 60. Saa za usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, zina nyongeza ya asilimia 5. Mashine inayojua dakika uliyoingia na dakika uliyotoka ina kila kitu inachohitaji ili kuzilinda kanuni hizi zote. Inaweza kumtumia meneja onyo kwamba fulani amefikisha saa 50 za ziada na sheria hairuhusu ya 51. Mara ngapi umesikia mashine iliyowekwa kazi hiyo? Za kukata mshahara wa aliyechelewa tunazijua.

Mwajiri atajibu kwamba amenunua mfumo kwa fedha zake ili azuie hasara yake, na ana haki hiyo. Naikubali. Ninachokataa ni rekodi ya watu wawili kusomwa na mmoja.

Jambo hili lina historia ndefu kwetu. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika, kibarua alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30 za kazi. Kazi ya siku ilipimwa kwa ngwe au kwa idadi ya matita ya majani ya mkonge, na aliyemaliza mapema aliondoka mapema akaenda kwenye shamba lake. Siku alizochagua kupumzika hazikuhesabiwa, ila mshahara haukutoka mpaka alama 30 zitimie. Kuna uhuru fulani katika utaratibu ule, na nadhani vibarua waliujua na kuutumia. Lakini alama iliwekwa na upande wa mwenye shamba. Mnyapara akisema ngwe haikutimia, jasho la siku nzima halikuandikwa mahali popote, na kadi ya kibarua ilibaki ilivyokuwa jana.

Kenya ilikwenda mbali zaidi. Kwa sheria ya uandikishaji ya mwaka 1915, ambayo ilianza kutekelezwa kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, mwanamume Mwafrika mwenye umri wa miaka 16 na zaidi alilazimishwa kubeba kipande chenye alama za vidole vyake, pamoja na maelezo ya waajiri wake na ujira wake. Wengi walikivaa shingoni ndani ya kijaluba cha bati. Mwajiri alisaini mtu alipoingia kazini na alipotoka. Aliyeondoka bila saini ya kuachiwa aliweza kusakwa na kushtakiwa. Kipande kilikuwa miongoni mwa malalamiko makubwa ya vuguvugu la Harry Thuku, aliyekamatwa Nairobi Machi 1922, na watu waliokusanyika kudai aachiwe walipigwa risasi. Kwa hiyo kidole cha mfanyakazi wa Afrika Mashariki kilishachovywa wino wa mwajiri karne moja kabla ya mashine hizi za ukutani. Mzee anayesita kuweka dole lake asidhaniwe mshamba. Huenda amesikia nyumbani kwao mambo ambayo kijana wa kitengo cha kompyuta hakuyasikia.

Nako ughaibuni, mashine ya kuandika saa za wafanyakazi ilibuniwa na Willard Bundy, mtengenezaji wa vito na saa wa Auburn, New York, mwishoni mwa miaka ya 1880. Kampuni iliyozaliwa na uvumbuzi wake iliunganishwa na nyingine hadi ikawa sehemu ya kampuni ambayo mwaka 1924 iliitwa IBM. Moja ya mizizi ya kompyuta, basi, imeota katika lango la kiwanda. Hatukuletewa kompyuta zikaja kuhesabu mahudhurio baadaye; kuhesabu mahudhurio ni kati ya kazi zilizozikuza kampuni za kompyuta zenyewe.

Je, mashine huwafanya watu waje kazini? Ushahidi mzuri ninaoujua unatoka wilaya ya Udaipur, Rajasthan, India, ambako mambo mawili yalijaribiwa na watafiti, akiwamo Esther Duflo, aliyekuja kuwa mmoja wa washindi wa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019. Jaribio moja lilihusu wauguzi wa vituo vya afya vijijini. Walipewa mashine za kugonga muhuri wa saa na tarehe. Mahudhurio yalipanda miezi ya kwanza. Kisha viongozi wa afya wa eneo wakaanza kuruhusu siku za msamaha, mtu akiandikwa kwamba yuko kwenye mkutano au shughuli nyingine. Ilipotimu miezi 16 hivi, tofauti kati ya vituo vyenye mashine na visivyokuwa nayo ilikuwa imetoweka.

Jaribio la pili lilihusu walimu wa shule ndogo zenye mwalimu mmoja. Katika baadhi ya shule hizo kila mwalimu alipewa kamera yenye kuandika saa na tarehe, mwanafunzi akimpiga picha na wenzake mwanzo na mwisho wa siku. Utoro wa walimu hao ulikuwa asilimia 21, huku katika shule zisizo na kamera ukiwa asilimia 42. Tofauti ya majaribio haya mawili huelezwa kwa maneno ya usimamizi: kule palikuwa na misamaha, huku hapakuwa. Ni kweli, ila mimi naona na jingine. Mwalimu aliyefundisha zaidi ya siku 20 kwa mwezi aliongezewa rupia 50 kwa kila siku ya ziada, na aliyepungukiwa alikatwa rupia 50 kwa kila siku. Kamera ile ilikuwa ikimhesabia pia haki yake. Aliyefika alikuwa na sababu ya kutaka picha ipigwe vizuri.

Hilo ndilo ninalotamani lieleweke katika ofisi na viwanda vyetu. Rekodi ikifanya kazi pande zote mbili, mfanyakazi mwenyewe anakuwa mlinzi wake. Ikifanya kazi upande mmoja, akili yote ya watu mahali pale itaelekezwa kuikwepa, na kila mfumo una mlango wa nyuma.

Hispania walilifikisha jambo hili mahakamani kwa namna inayoweza kumshangaza mtu aliyezoea kudhani kwamba mfanyakazi siku zote huichukia saa. Chama cha wafanyakazi cha CCOO kiliishtaki benki ya Deutsche Bank, tawi la huko, kikidai ilazimishwe kuweka mfumo wa kuandika saa za kazi za kila siku. Wafanyakazi ndio walioomba kuhesabiwa. Katika kesi hiyo ilielezwa kwamba zaidi ya nusu ya saa za ziada zilizofanyika nchini humo hazikuandikwa popote. Tarehe 14 Mei 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba nchi wanachama lazima ziwatake waajiri waweke mfumo usiopendelea, wa kuaminika na unaofikika, wa kupima saa za kila mfanyakazi kwa siku. Hoja ya majaji ilikuwa ya kawaida kabisa: mfanyakazi ndiye mnyonge katika mkataba, na bila rekodi hawezi kuthibitisha kwamba alifanya kazi kupita kiasi. Karibu miaka miwili baadaye, Februari 2021, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba madereva wa Uber waliofungua kesi London ni wafanyakazi, na kwamba muda wao wa kazi unahesabika tangu wanapoiwasha programu wakiwa katika eneo lao, tayari kupokea abiria, na sio wakati abiria yuko kwenye gari tu. Programu iliyokuwa ikiwachunga ndiyo hiyo hiyo yenye kumbukumbu ya kila dakika waliyokuwa tayari kwa kazi.

Kwetu, mtu anayestahili zaidi hukumu ya namna hiyo ni mlinzi wa usiku.

Mtazame. Anaingia lindoni saa 12 jioni, anatoka saa 12 asubuhi. Kwenye pembe za ukuta, nyuma ya jenereta, karibu na tangi la maji, kampuni imebandika vitufe vidogo vya chuma. Mlinzi hubeba kifaa mfano wa tochi, na kila baada ya muda aliopangiwa anazunguka akigusa kitufe kimoja kimoja. Kifaa kinaandika: kitufe cha tatu, saa 8:04 usiku. Asipokigusa, asubuhi anaulizwa alikuwa amelala wapi. Kwa hiyo kampuni ina ushahidi usiopingika, robo saa kwa robo saa, kwamba mtu huyu alikuwa macho na kazini usiku kucha, na ushahidi huo upo kwenye kompyuta yake yenyewe.

Sasa tufanye hesabu. Zamu za saa 12, siku sita kwa wiki, ni saa 72. Toa saa moja ya mapumziko kila zamu, kama kweli anaipata, zinabaki 66. Toa 45 za kawaida, zinabaki 21 za ziada kila wiki, yaani 84 katika wiki nne. Sheria inaruhusu 50. Zamu hizo sita si ajabu katika kazi ya ulinzi, na wasomaji wengi wa gazeti hili wanalindwa na mtu anayezifanya. Kamuulize leo jioni mlinzi wa getini kwako amelipwa saa ngapi za ziada mwezi uliopita. Kifaa kinachomtoza faini kwa kukosa kitufe kimoja kingeweza kumlipa kwa vile mia alivyovigusa. Takwimu ni zile zile. Kinachokosekana ni mtu wa kuzijumlisha kwa faida yake. Huu naona ni wizi, na kwa vile umeandikwa saa kwa saa na mwizi mwenyewe, hauna kisingizio cha kutojua.

Wapo wasiohesabiwa kabisa. Binti wa kazi anayeamka saa 11 alfajiri kuandaa watoto wa shule na kulala saa 5 usiku baada ya kuosha sufuria ya mwisho, hana mashine wala daftari, na nyumba nyingi za watu wenye elimu hazijawahi kujumlisha saa zake, ingawa sheria ya 2004 haikumwacha nje. Wapo pia ambao hesabu yao huanza mlangoni wakati safari yao ilianza gizani: mtu wa Kigamboni ambaye pantoni moja imepelekwa matengenezo, amesimama upande wa Kigamboni akiitazama ofisi yake ng'ambo ya maji. Simdai mwajiri alipie foleni ya jiji. Nadai tu kwamba anayeamua mtu akatwe nini kwa dakika kumi awe anaijua barabara ambayo watu wake wanapita.

Na kuwapo si kazi. Serikali ya Tanzania yenyewe imelikiri hilo kwa kuachana na OPRAS, fomu za karatasi za kupima utendaji, na kuingiza mfumo wa kidijitali wa PEPMIS, ambamo mtumishi huingiza majukumu yake na kupimwa kwa utekelezaji wake. Kwangu hiyo ni hatua. Lakini muuguzi aliyefika saa 1:20 akakuta wodi haina glovu, mfumo wa mahudhurio utamsifu na mfumo wa utendaji utamlaumu, na glovu hazitaonekana katika ripoti yoyote kati ya hizo mbili. Mwajiri naye ana mahudhurio yake. Anapaswa kuwapo kwa vifaa, kwa mshahara wa tarehe iliyoahidiwa, kwa michango iliyopelekwa kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Hizo nazo ni tarehe, na kompyuta inaweza kuziandika.

Kwa hiyo ninaloomba kwa vyama vya wafanyakazi ni dogo na linawezekana. Msipoteze nguvu kupinga mashine. Mmekuwa mkizipinga na zinafungwa. Daini kuona ukurasa wa kanuni kabla mfumo haujawashwa, na kanuni hizo ziingie kwenye mkataba wa hali bora. Daini njia ya pili kwa wenye vidole vilivyolika. Daini kila mfanyakazi apate mwisho wa mwezi, pamoja na slipu ya mshahara, karatasi moja yenye saa zake zote: alizochelewa na alizobaki.

Nawe unayeweka dole kila asubuhi, sheria iko upande wako kuliko unavyodhani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania Mei 2023, inaziweka taarifa za kibayometriki miongoni mwa taarifa nyeti, na inampa mtu haki ya kuziona taarifa zake zinazoshikwa na mwingine. Kenya ina sheria yake tangu 2019. Neno la siri likiibwa utalibadilisha. Kidole kikiibwa hukibadilishi, kwa hiyo una kila sababu ya kuuliza kinahifadhiwa wapi na kitafutwa lini ukiacha kazi. Andika barua fupi kwa afisa rasilimali watu, yenye tarehe, ukiomba nakala ya rekodi ya saa zako za miezi mitatu. Weka nakala ya barua. Andika pia mwenyewe, kwenye daftari la shule la bei ndogo, saa ya kuingia na saa ya kutoka kila siku, ili siku rekodi mbili zitakapolazwa mezani uwe na ya kwako. Na usikae sana ukitafakari: dai la malipo, lisilohusu kuachishwa kazi, linapaswa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipotokea.